Sio Paja: Risala ya Watunza Kumbukumbu za Wagonjwa kwa Mama Mshonaji

Mgeni rasmi, mama yetu, mshonaji wa suruali;
Mganga mkuu wa hospitali, ambaye leo umekubali kwa moyo mweupe kukalia kiti cha pili;
Madaktari, wauguzi, mafundi, wagonjwa mlioruhusiwa kutoka wodini kwa saa hii, na majirani mliomsindikiza mgeni wetu:

Sisi wafanyakazi wa chumba cha kumbukumbu za wagonjwa tunawasalimu nyote. Tunaomba tusikilizwe kwa utulivu, na mwenye kikohozi akohoe sasa.

MAKARIBISHO

Mama, karibu sana. Tulipokuja kukualika pale kibarazani unaposhonea, ulicheka mpaka uzi ukakatika mashineni. Ukasema, "Mgeni rasmi mimi? Nitavaa nini?" Tukatazamana. Mshonaji anatuuliza sisi atavaa nini! Leo umekuja na gauni ulilolishona kwa mkono wako, na ulipoingia getini muuguzi mmoja alinong'ona, "Tazameni, hata mganga mkuu amefunga vifungo vya koti." Ni kweli. Hatujawahi kumwona amevifunga vyote.

Tumeulizwa na wengi kwa nini shughuli hii haikupewa mkubwa fulani wa kukata utepe. Jibu letu ni fupi. Chumba hiki kidogo tunachokifungua leo ubavuni mwa dirisha letu, mgonjwa apate kusema kwa faragha, chenye mlango unaofungwa na viti viwili, hakikutokana na mkubwa yeyote. Kilitokana na maneno uliyoyasema wewe siku ile uliyotujia. Asiyekuwepo siku hiyo atasikia hapa.

Na kabla hatujasonga mbele: kazi yetu ni kufunga mdomo. Habari za mgonjwa hatuzitoi hata kwa wake na waume zetu. Leo tunaufungua mdomo kwa ruhusa. Mama ametuambia, "Semeni yote, ila msinipambe." Na mgonjwa mwenyewe, mkwe wake, fundi wa paa, yumo humu ndani, amekaa karibu na ukuta. Tulipomwomba ruhusa alisema, "Mtaa mzima unajua nilianguka. Wasichojua ni nani aliyeniokoa. Semeni." Hatutamtaja jina, na tunaomba shingo zisigeuke.

Zimegeuka. Haya.

SISI NI NANI

Wengi mnatujua kwa dirisha letu tu, na wengine mnatujua kwa foleni iliyo mbele yake. Kazi yetu ni hii. Mgonjwa akifika tunamfungulia jalada. Daktari akishampima na kuandika alichokiona, sisi tunayageuza maneno yake kuwa msimbo, yaani herufi na tarakimu chache ambazo kila hospitali inazielewa. Kila jeraha lina msimbo wake. Msimbo unasema ni kiungo gani, ni kulia au kushoto, pamechanika au pamevilia damu, mtu ameumiaje, na kama amekuja mara ya kwanza au amerudi. Huo msimbo ndio unaomtangulia mgonjwa kila aendapo, wodini, chumba cha upasuaji, hata hospitali nyingine. Asiyemjua humjua kwa huo.

Hatubuni. Ambalo daktari hakuliandika, kwetu halipo. Tukiona maandishi hayaingii akilini, tunaruhusiwa jambo moja, kumfuata daktari na kumuuliza.

Sasa, wapendwa, kila kazi ina pahala pake pagumu, na pagumu petu ni sehemu za siri. Mtu akiumia mkono atakuonyesha kabla hujamuuliza. Akiumia huko, lugha yote inamkimbia. Tumeambiwa "huku chini." Tumeambiwa "kwenye mambo yangu." Makanika mmoja alituambia ameumia "kwenye injini," na mzee mmoja mwenye heshima zake aliinama dirishani akasema, "Mwanangu, ofisi imefungwa." Tunacheka leo, lakini hatukuwacheka wao. Maana hakuna msimbo wa "kule." Na nyuma ya kila neno la kuzungukazunguka kuna mtu anayeumia, na nyuma yake ipo foleni iliyotega masikio.

YALIYOTOKEA

Mama, siku ile mkwe wako alikuwa juu ya nyumba yako anabadilisha mabati. Binti yako, mkewe, alikuwa amesafiri. Ubao aliokanyaga uliteleza, naye akaanguka, lakini hakufika chini. Boriti ilimpokea katikati, mguu huku na mguu huku. Wewe ulikuwa uani unamshikia ngazi. Uliona kila kitu.

Ulimleta wewe mwenyewe, umempitisha mkono begani. Mlipofika dirishani, mwenzetu aliyekuwa zamu aliuliza kwa sauti ile tunayoitumia kuishinda kelele, "Umeumia wapi?"

Fundi alitazama foleni, kisha akakutazama wewe. Akajibu, "Paja."

Nani angemlaumu? Hata mbele ya mama mzazi mtu angetafuta neno, sembuse mbele ya mama mkwe. Kijana huyu, tumeambiwa, tangu aoe hakuwahi hata kuvua viatu mbele yako bila kuomba radhi.

Mlipoingia kwa daktari uliingia naye, kwa sababu hakuweza kusimama peke yake. Daktari wetu, ambaye wagonjwa humwita Daktari Mrefu kwa jinsi anavyoinama kila mlangoni, akamuuliza naye. Akajibu, "Paja, daktari. Kwa juu." Na kweli pajani palikuwa na michubuko. Daktari akaandika paja, akaagiza picha, picha ikaonyesha mfupa mzima. Sisi tukatoa msimbo wa paja. Akapelekwa wodi ya mifupa apumzike na kuangaliwa.

Hapakuwa na mzembe kati yetu. Kila mtu aliandika alichoambiwa, na ndivyo uongo mdogo wa haya ulivyopita mikono mingi bila kushikwa.

Mchana ukasonga. Fundi hakuweza kukojoa. Muuguzi alipomuuliza alisema hana mkojo. Tumbo likaanza kujaa, jasho likamtoka, naye amekazana na paja lake. Muuguzi akafanya ambalo muuguzi yeyote mwema angefanya kwa mgonjwa wa paja aliyezibwa mkojo. Akaandaa mpira wa kuutoa mkojo, ule unaopitishwa kwenye njia yake ya kawaida. Akakuambia, "Mama, tupishe kidogo nje, tunataka kumwekea mpira."

Ulitoka. Hukukaa kwenye benchi. Ulikuja moja kwa moja kwetu.

Dirishani alikuwepo mkubwa wetu wa chumba, tunayemwita Shangazi. Yeye ndiye aliyetusimulia mazungumzo haya, nawe ulipoulizwa ukasema hakuongeza chumvi.

"Nyie ndio mnaoandika?" ulimuuliza.

"Ndio, mama."

"Basi mmeandika vibaya. Futeni."

"Tufute nini?"

"Paja."

Shangazi akatafuta jalada, akalitazama. "Mama, mgonjwa mwenyewe ndiye aliyesema paja."

"Amesema hivyo kwa sababu nilikuwa nimemshika mkono. Mimi ni mkwe wake. Ulitaka aseme nini?"

Shangazi akashusha sauti. "Kwani ameumia wapi?"

"Boriti ameipanda kama mtu anavyopanda punda. Nimeona kwa macho yangu."

"Paja la ndani, basi?"

"Sio paja! Mwanangu, mimi nashona suruali. Najua paja linaishia wapi. Ni ukipita hapo linapoishia, ambapo mimi mkwewe sina ruhusa hata ya kupafikiria. Nilipomfunika shuka nimeona damu. Na sasa hivi wanataka kumwekea mpira."

Shangazi aliacha kila kitu wazi juu ya meza, jambo ambalo hajawahi kulifanya na hajalirudia. Akakushika mkono mkaenda kwa Daktari Mrefu. Mlimkuta nyuma ya pazia anashona paji la uso la mtoto. Akasema, "Nisubirini kidogo." Shangazi alikuwa bado anatafuta maneno ya kitaalamu. Wewe hukusubiri. Ulisimama pale ukumbini, mbele ya watu wote waliokaa kwenye mabenchi, ukamwambia daktari kupitia pazia mkwe wako ameumia wapi, na kwamba anawekewa mpira. Ulipataja kwa jina lake.

Neno lenyewe hatutalisoma hapa. Ulilisema mara moja, likatosha.

Wewe ulivuta mtandio ukafunika uso, ukageukia ukutani.

Nyuma ya pazia ilisikika sauti moja tu: "Nani anamwekea mpira?" Kisha Daktari Mrefu akatoka, sindano amemwachia mwenzake, na safari hii hakuinama mlangoni. Alama iliyobaki kwenye kipaji chake ni ya siku hiyo. Alifika wodini anaita, "Usiweke! Subiri kwanza!" Muuguzi alikuwa ameshavaa glavu.

Walifunga mapazia pande zote. Daktari akainama karibu na mgonjwa, akamwambia kwa upole, "Mama yuko nje. Hapa tupo mimi na muuguzi tu. Niambie."

Fundi akauliza, "Ameshasema?"

"Ameshasema."

Alijifunika shuka usoni akalia. Kama ni kwa maumivu, au kwa haya, au ni ule unafuu wa mtu aliyetuliwa mzigo, hatujui. Hilo nalo halina msimbo.

Daktari alituelewesha baadaye kwa lugha ya kawaida. Njia ya mkojo ilikuwa imechanika kwa ule mbano wa boriti. Mpira ungelazimishwa kupita pale, penye mchaniko mdogo pengekuwa na mchaniko wa maisha. Badala yake walimtoboa tundu dogo chini ya kitovu wakautoa mkojo kwa huko, na baada ya muda si mrefu alikuwa amelala usingizi. Kisha akafuta "paja," si kwa kificho bali kwa mstari mmoja na sahihi pembeni kama sheria inavyotaka, akaandika ukweli wote: pahala penyewe, namna ya jeraha, na namna alivyoanguka. Sisi tukatoa msimbo mpya. Misimbo ile miwili ukiiweka pamoja inafanana kama ndugu, tarakimu zimepishana kidogo tu, na katika kupishana huko amesimama mwanaume mzima na nyumba yake.

Alipopelekwa hospitali kubwa kurekebishwa, daktari wa huko alifungua jalada akajua pa kuanzia. Hakumuuliza habari za paja. Fundi amepona. Tulipomuuliza anaendeleaje alitujibu, "Kama bomba la manispaa siku ya maji." Ametuomba tulisome hilo. Tumelisoma.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, tangu siku ile mengi yamebadilika hapa, na tungependa uyajue kwa kuwa ni yako.

Dirishani hatuulizi tena kwa sauti mtu ameumia wapi. Tunauliza, "Unaweza kusema hapa, au tukae pembeni?" Ambaye ulimi hautaki, tuna picha ya mwili, mbele na nyuma, anaweka kidole tu. Yule mzee wa "ofisi imefungwa" alirudi siku moja kwa jambo jingine, akaonyeshwa picha, akasema, "Mngekuwa nayo hii mwanzo msingenitesa."

Madaktari nao sasa humuuliza mgonjwa kwanza nani abaki na nani atoke, awe mama, mume, mke au mkwe. Na wanaandika maneno kamili. Hawaandiki "kule" wala "chini."

Na hapa tunaomba tuzungumze bila mzaha. Wapo wanaokuja na majeraha haya ambao hawakuanguka popote. Wameumizwa na mtu, na mara nyingine mtu huyo ndiye aliyewasindikiza, amesimama nyuma yao dirishani, akijibu maswali kwa niaba yao. Zamani wengi wao waliondoka na karatasi iliyoandikwa "maumivu ya tumbo." Karatasi ya namna hiyo haina ulimi. Haimtibu, na siku akisimama mbele ya hakimu haimsemei. Mwezi uliopita mama mmoja alikaa na Daktari Mrefu peke yao, msindikizaji akabaki nje kwa amri ya mlinzi. Kilichoandikwa siku hiyo kimeandikwa sawasawa, kiungo kwa kiungo, na namna kilivyotokea. Zaidi ya hapo hatusemi, kwa sababu yeye hakutupa ruhusa. Tunataka tu ujue, mama, kwamba pazia ulilosema mbele yake limewafunika na wengine.

CHANGAMOTO

Hazikosekani. Mwandiko wa baadhi ya madaktari bado unahitaji mganga wa kuupigia ramli. Yupo mmoja, hatumtaji, ila anacheka sasa hivi mstari wa tatu, ambaye aliandika jeraha la korodani ya kushoto nasi tukasoma goti la kushoto. Tulimfuata, akakitazama alichokiandika, akasema, "Hata mimi nasoma goti."

Changamoto ya pili ni sisi wenyewe. Haya hazifi kwa semina. Wapo wenzetu vijana ambao hadi leo wakifika kwenye majina ya viungo hivyo huandika haraka bila kuyatamka. Tunafundishana. Shangazi huwasomesha kwa sauti asubuhi kabla dirisha halijafunguliwa, kama darasa la irabu, na anayecheka anarudia.

Changamoto ya tatu haiko hospitalini, na tumebishana sana kama tuiseme. Tumeona tuiseme.

Tulipokuja kukualika, mama, mvua ilikuwa inanyesha. Sebuleni kwako tuliona beseni limekinga maji. Mmoja wetu akasema mafundi wa paa mbona wako wengi. Ukamjibu, "Fundi wangu ninaye." Kisha ukatutengea chai, na ulipokwisha kuimimina ukasema bila kututazama, "Tangu atoke hospitali hajakanyaga hapa. Anapita njia ya nyuma. Binti yangu namwona, wajukuu nawaona, yeye simwoni. Nami simlaumu. Nilimvua nguo mbele za watu kwa mdomo wangu."

Chai yako tuliinywa, tukaondoka na maneno hayo.

Tulipokwenda kwa fundi kumwomba atutengenezee mlango wa chumba hiki, alikubali kabla hatujamaliza kusema. Ameupima mwenyewe, ameuranda, na ameufunga usilie bawabani, kwa sababu, alisema, mtu mwenye haya hataki mlango unaopiga kelele. Tukamuuliza, "Na kwa mama mkwe je?" Akaweka randa chini.

"Nitamtazamaje?" alisema. "Yule mama aliniheshimu miaka yote, hata jina langu haliiti, ananiita baba fulani. Nimemfanya atamke neno lile ukumbini kama mtu asiye na adabu. Anaona haya kuniona, najua. Namsitiri."

Sisi ni watu wa kuandika, mama, tumezoea kuona pale madaktari wawili walipoandika mambo yasiyoafikiana juu ya mgonjwa mmoja. Wewe unadhani yeye ana hasira. Yeye anadhani wewe una aibu. Mmekaa mkisitiriana, kila mmoja upande wake wa mtaa, na hakuna kati yenu aliye na kosa.

MAOMBI

Kwa mganga mkuu tuna ombi moja. Tunazijua hospitali. Chumba kikikaa kitupu wiki mbili, ya tatu unakuta viti vibovu na ndoo za rangi. Tunaomba chumba hiki kisifanywe stoo, hata kwa muda, hata kwa dharura. Mgonjwa mwenye haya akikuta ndoo ya rangi kwenye kiti chake, ataondoka na paja lake.

Kwako mgeni rasmi, tunaomba utukumbuke ukipata nafasi. Njoo ukae na akina mama kwenye foleni, uzungumze nao kama ulivyozungumza nasi. Wewe ukisema jambo linaingia.

Ombi la mwisho tumetumwa. Fundi alituomba tuliseme sisi kwa kuwa yeye lingemkwama. Maneno ni yake, hatukuyagusa:

"Mwambieni mama sikukasirika hata siku moja. Siku ile daktari aliponiambia ameshasema, nilijua mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, asingefanya zaidi. Nilichelewa kuja kwa sababu sikujua nianzie wapi kumwamkia. Kila nikikaribia mlango wake nasahau maneno."

Mama, kwa ruhusa yako, risala hii ikiisha atasimama pale alipo aje mbele yako akuamkie. Haombi hotuba, nasi hatuombi. Tunakuomba umwitikie tu.

Mwenyezi Mungu akupe afya na macho ya kuona tundu la sindano kwa miaka mingi. Aibariki mikono ya mafundi, wawe juu ya mapaa au chini. Awape wagonjwa wetu ulimi wa kusema panapouma, na atupe sisi masikio.

Fundi, njoo.

Ni sisi wanao,
Wafanyakazi wa Chumba cha Kumbukumbu za Wagonjwa